DNA ya mitokondria na samaki wa maji baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Yeyote anayeanza kuchunguza vinasaba vya samaki wa mito na maziwa hukutana na maswali yaleyale. Haya ndiyo yanayojirudia zaidi, kuanzia ya msingi hadi yale yanayowatoa jasho hata wazoefu. Ukiwa na haraka, soma la 13 na la 17, maana hapo ndipo watu wanapokosea sana.

## Mambo ya msingi

1. DNA ya mitokondria ni nini, na inatofautianaje na DNA nyingine ya samaki?

Sehemu kubwa ya DNA ya samaki imo ndani ya kiini cha seli, imekunjwa kwenye kromosomu, nusu imetoka kwa baba na nusu kwa mama. Nje ya kiini kuna mitokondria, viungo vidogo vinavyoipatia seli nishati, navyo vina DNA yao wenyewe. Ni duara dogo la jozi za besi (hapa tutaziita herufi) zipatazo 16,500 kwa samaki wengi wenye mifupa. Duara hilo lina jeni 37: 13 za protini, 22 za tRNA na 2 za RNA ya ribosomu. Lina pia kipande kisichotengeneza protini wala RNA ya kazi, kinachoitwa eneo la udhibiti. Maabara nyingi hukiita D-loop.

2. Je, baba hachangii chochote?

Kwa kawaida hachangii. Yai la samaki hubeba nakala nyingi mno za DNA hii, katika samaki kama pundamilia wa maabara zinafika mamilioni, ilhali mbegu ya dume huingia na chache tu. Hata hizo chache huondolewa. Kwa medaka, samaki mdogo wa mashamba ya mpunga wa Asia ya Mashariki, imeonekana kwamba DNA ya mitokondria ya baba huharibiwa muda mfupi baada ya yai kurutubishwa. Kuna matukio ya nadra ambapo ya baba imepenya, lakini ni nadra kiasi kwamba uchambuzi wa kawaida hauyahesabu.

Ichukulie kama jina la ukoo linalopitishwa na mama peke yake. Watoto wote hulibeba, ila mabinti tu ndio hulipeleka mbele. Jike aliyezaa madume mia bila binti hata mmoja, jina lake linakoma hapo. Ndiyo maana koo za mitokondria hupotea haraka kuliko jeni za kwenye kiini, hata pale ambapo idadi ya samaki ziwani haijapungua.

3. Haplotaipu ni nini?

Ni toleo moja la mfuatano uliosomwa. Samaki wawili wakilingana herufi zote za kipande ulichosoma, wana haplotaipu moja. Wakipishana hata kwa herufi moja, ni haplotaipu mbili.

Angalia maneno "kipande ulichosoma". Ukisoma herufi 400 unaweza kupata haplotaipu tano, na samaki walewale ukiwasoma mitokondria nzima wakakupa kumi na tano. Kwa hiyo kulinganisha idadi ya haplotaipu za utafiti mmoja na za mwingine, wakati urefu wa vipande haulingani, hakuna maana. Makosa haya bado yanachapishwa.

4. Kwa nini watafiti wa samaki waliipenda hivyo?

Kwanza, ni rahisi kuipata. Seli moja ina nakala mamia hadi maelfu, kwa hiyo hata mnofu uliokaa vibaya hutoa kitu. Mwaka 1989 Thomas Kocher na wenzake walichapisha praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha unakilishaji wa sehemu unayotaka kusoma) zinazofanya kazi kwa samaki, ndege na mamalia vilevile, na tangu hapo hata maabara isiyo na fedha nyingi iliweza kuingia kazini.

Pili, haichanganywi upya kila kizazi kama DNA ya kwenye kiini, hivyo historia yake husomeka kama mti mmoja usio na matawi yaliyosukwa. Tatu, kwa wanyama wenye uti wa mgongo hubadilika haraka kuliko jeni nyingi za kwenye kiini. Na kwa kuwa kila samaki ana toleo moja tu, tena la mama tu, idadi fanisi ya jamii (yaani ya wale wanaochangia vizazi vijavyo) kwa kipimo cha mitokondria ni kama robo ya ile ya kromosomu za kawaida, ikiwa majike na madume wanalingana. Jamii mbili zikitengana, mitokondria huwa ya kwanza kuonyesha.

5. Kwa nini samaki wa maji baridi hutofautiana kati ya sehemu na sehemu kuliko wa baharini?

Kwa sababu hawawezi kupita nchi kavu. Mto una mpaka, ziwa lina ukingo, na maporomoko ya maji ni ukuta kwa anayetoka chini. Uchambuzi maarufu wa mwaka 1994, uliotumia tofauti za protini na si mitokondria, ulikuta kwamba kwa samaki wa maji baridi sehemu ya utofauti iliyo kati ya jamii moja na nyingine ilikuwa wastani wa asilimia 22. Kwa wa baharini ilikuwa kama asilimia 6. Wale wanaopanda kutoka baharini kuja kuzaa mitoni walikaa katikati.

Mitokondria iliongezea ramani. Mwaka 1986 Eldredge Bermingham na John Avise walichunguza aina nne za samaki wa kusini-mashariki mwa Marekani. Katika kila aina walikuta koo za mashariki na za magharibi zimeachana waziwazi. Ni aina tofauti, lakini mito yao ina historia moja. Mwaka uliofuata Avise na wenzake wakaupa uwanja huu jina linalotumika hadi leo, filojiografia.

## Sampuli na maabara

6. Nichukue sehemu gani ya samaki, na niihifadhi vipi?

Kipande cha pezi chenye ukubwa wa ukucha wa kidole kidogo kinatosha, na samaki anaweza kurudishwa majini akiwa hai. Kiweke kwenye ethanoli ya asilimia 95 au zaidi, ethanoli ikiwa nyingi kuliko mnofu mara kumi hivi, na ibadilishe baada ya siku moja kwa sababu maji ya mnofu huizimua. Fomalini usiiguse kama unataka DNA, kwani huifunga na kuikata vipande vifupi.

Lebo andika kwa penseli kwenye karatasi ngumu, kisha itumbukize ndani ya chupa. Wino wa kalamu nyingi huyeyuka kwenye ethanoli, na chupa ikidondoka na kumwagikia nje, lebo ya kubandika inabaki karatasi nyeupe. Mkasi usafishwe kati ya samaki na samaki. Na mpige picha kila samaki, ikiwezekana ahifadhiwe mmoja mzima wa kila aina kwenye mkusanyo wa kudumu. Mfuatano wa DNA usio na mwili wala picha ya kurejea hauwezi kusahihishwa jina likija kugundulika si lenyewe.

7. Nisome sehemu ipi ya mitokondria?

Inategemea unauliza nini. Kutambua aina: kipande cha jeni ya COI chenye herufi kama 650, ambacho Paul Hebert na wenzake walikipendekeza mwaka 2003 kiwe msimbo wa utambuzi wa wanyama, ndicho chenye mifano mingi kwenye hifadhidata. Historia ya mito na mabonde: jeni ya saitokromu b, yenye herufi kama 1,140, ina kumbukumbu ndefu zaidi katika samaki wa maji baridi, na utapata wa kujilinganisha nao. Tofauti ndogo ndani ya ziwa moja: eneo la udhibiti hubadilika haraka, lakini huwa na marudio yanayosumbua wakati wa kupanga mifuatano.

Fedha zikiruhusu, soma mitokondria nzima. Siku hizi gharama imeshuka vya kutosha, na swali lenyewe linaanza kupoteza makali.

8. Samaki wangapi wanatosha?

Wengi husema 20 hadi 30 kwa kila eneo, na hesabu nyuma yake si ngumu. Haplotaipu iliyoko kwa samaki 10 katika kila 100, ukichukua samaki 20, uwezekano wa kuikosa kabisa ni kama asilimia 12. Ukichukua 30 unashuka hadi asilimia 4. Lakini ikiwa iko kwa samaki 5 tu katika 100, hata kwa samaki 30 una nafasi ya asilimia 21 ya kutoiona. Kwa hiyo usiandike "haplotaipu hii haipo ziwani" kwa nguvu ya samaki kumi na wawili.

Jambo ambalo vitabu hulipita haraka ni undugu. Vifaranga wa kundi moja, au waliotoka kwenye mdomo wa mama mmoja kwa samaki wanaolelea watoto mdomoni kama sato, wote wana haplotaipu moja. Vifaranga 30 wa mama mmoja ni sampuli moja, si 30. Kamata wakubwa, tena sehemu tofauti na siku tofauti.

9. Mchoro wa mfuatano una vilele viwili mahali pamoja. Samaki wangu ana mitokondria mbili?

Shuku uchafu kwanza. Angalia mrija wa udhibiti usiotiwa DNA: ukionyesha mstari kwenye jeli, tatizo liko mezani kwako na si kwa samaki. Kama uko safi, toa DNA upya kutoka mnofu uleule, kisha soma uzi wa upande wa pili. Kilele cha pili kinachotoweka kilikuwa kelele za mashine.

Kikibaki, kuna mawili. La kwanza ni nakala ya kale ya kipande cha mitokondria iliyohamia kwenye kiini. Hujitambulisha kwa alama za kusimamisha protini katikati ya jeni, au kwa herufi zilizoongezeka ama kupungua pasipostahili. La pili ni kwamba kweli samaki ana matoleo mawili. Hili linajulikana vizuri kwa samaki wa jamii ya sturjeni, ambao eneo lao la udhibiti lina marudio, na samaki mmoja anaweza kubeba nakala zenye marudio mawili pamoja na zenye matatu. Kwao vilele viwili si ugonjwa wa maabara.

## Kusoma matokeo

10. Uanuwai wa haplotaipu na uanuwai wa nyukleotidi vinatofautianaje?

Cha kwanza huuliza: nikiokota samaki wawili bila kuchagua, kuna uwezekano gani wawe na haplotaipu tofauti? Cha pili huuliza: wakiwa wawili, wanapishana kwa herufi ngapi kwa wastani, kwa kila herufi iliyosomwa?

Fanya hesabu kwa mkono mara moja, hutasahau. Una samaki 20 na kipande cha herufi 600. Kumi na wawili wana A, watano wana B, watatu wana C. Jumla ya miraba ya sehemu zao ni 0.36 + 0.0625 + 0.0225, yaani 0.445. Toa kwenye 1, zidisha kwa 20/19, unapata 0.584. Huo ndio uanuwai wa haplotaipu.

Sasa tuseme B na C kila moja inapishana na A kwa herufi moja, na zenyewe kwa mbili. Jozi za samaki ni 190: A na B wanakutana mara 60, A na C mara 36, B na C mara 15. Tofauti zote ni 60 + 36 + 30 = 126. Gawa kwa 190, kisha kwa 600, unapata 0.0011. Badilisha jambo moja tu: C iwe ukoo wa mbali, inapishana na A kwa herufi 9 na na B kwa 10. Jumla inakuwa 534, na jibu 0.0047. Uanuwai wa haplotaipu haukusogea hata kidogo, ule wa nyukleotidi umepanda zaidi ya mara nne. Kuripoti kimoja bila kingine ni kuficha nusu ya habari.

11. Nimepata haplotaipu nyingi lakini zinapishana kidogo. Maana yake nini?

Tafsiri ya kawaida ni kwamba jamii ilitokana na wachache, kisha ikaongezeka haraka. Mtandao wake, yaani mchoro unaounganisha haplotaipu kwa idadi ya herufi zinazopishana, huwa na umbo la nyota: haplotaipu moja kubwa katikati na nyingine ndogondogo pembeni, kila moja ikiwa hatua moja. Kipimo cha Tajima, kinacholinganisha makadirio mawili ya uanuwai, huelekea kuwa hasi. Samaki wa maziwa ya kaskazini yaliyofunikwa na barafu hadi miaka elfu kadhaa iliyopita mara nyingi huonyesha dalili za aina hii, au huwa na haplotaipu chache kabisa, kwa kuwa waliingia humo barafu ilipoyeyuka.

Ila uteuzi asilia unaoipendelea haplotaipu moja huacha alama ileile (tazama swali la 20). Mitokondria peke yake haiwezi kukutenganishia mambo hayo mawili.

12. Naweza kutumia tofauti hizi kujua jamii zilitengana lini?

Unaweza kukadiria, kwa mkono mwepesi. Kwa jeni za protini kama saitokromu b, tafiti nyingi za samaki hutumia mwendo wa asilimia 1 hadi 2 za tofauti kati ya koo mbili kwa kila miaka milioni. Tofauti ya asilimia 3 basi ni kati ya miaka milioni 1.5 na milioni 3. Makadirio hayo yana upana wa mara mbili kabla hujaweka kosa lingine lolote.

Na makosa mengine yapo. Mwendo unaopimwa kwa vizazi vya karibuni huwa wa haraka kuliko unaopimwa kwa mamilioni ya miaka, kwa sababu mabadiliko mengi mapya yenye madhara madogo bado hayajafutwa. Ukitumia mwendo wa mamilioni ya miaka kwa tukio la miaka elfu kumi, utapata tarehe ya kale mno. Tena koo za mitokondria kwa kawaida huachana kabla ya jamii kutengana. Tarehe unayopata ni ya akina mama, si ya mto uliokatika.

13. Maziwa mawili yana haplotaipu moja. Je, samaki wanahama kati yake?

Hapana, si lazima. Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote katika ripoti za usimamizi wa uvuvi.

Maziwa yaliyokuwa moja na kutengana miaka elfu chache iliyopita hubaki na haplotaipu za babu zao, hata kama hakuna samaki aliyevuka tangu hapo. Kadiri jamii ilivyo kubwa, ndivyo kumbukumbu ya zamani inavyokaa. Upande wa pili, madume yanaweza kuhama kila mwaka na mitokondria isionyeshe kitu, kwa kuwa hawaipitishi. Basi kulingana hakuthibitishi uhamaji, na kutolingana hakukanushi. Kama swali lako ni nani anahama leo, tumia alama nyingi za kwenye kiini (sehemu za DNA yake zinazotofautiana kati ya samaki), au uweke samaki vitambulisho na usubiri.

## Visa vinavyotajwa kila mara

14. Kwa nini furu wa Ziwa Victoria hutajwa katika kila somo?

Kwa sababu walitoa jibu zuri, kisha jibu hilo likaonekana halijakamilika. Mwaka 1990 Axel Meyer, Thomas Kocher, Pereti Basasibwaki na Allan Wilson walilinganisha hadi herufi 803 za mitokondria ya spishi 14 za furu wa ziwa hilo. Kulikuwa na walaji wa konokono, wakwanguaji wa mwani, wala samaki wenzao, wenye meno na vichwa visivyofanana kabisa. Mitokondria zao zilikaribia kuwa kitu kimoja, tofauti zikiwa ndogo kuliko zilizomo ndani ya binadamu. Hitimisho lilikuwa kwamba wote wana asili moja ya karibuni sana.

Halafu wanajiolojia wakasema ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita. Mwaka 2003 uchambuzi mwingine wa mitokondria ukaelekeza asili ya koo hizo Ziwa Kivu, na kuzipa umri wa kama miaka 100,000, mkubwa kuliko ziwa lenyewe lilivyojaa upya. Mwaka 2017 Joana Meier na wenzake wakasoma DNA ya kwenye kiini na kuona kitu ambacho mitokondria isingeweza kukionyesha: furu wa eneo hilo wametokana na machotara wa koo mbili za mbali, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya Nile ya juu. Mchanganyiko huo wa jeni, zikiwamo za kuona rangi, ndio uliowapa mtaji wa kugawanyika haraka.

Kwa kazi za kila siku kumbuka hili: msimbo wa COI unaotenganisha vizuri kambale na kamongo hauwezi kukutenganishia furu wa Victoria. Mtu akikuletea orodha ya spishi za furu iliyotokana na COI pekee, mrudishie.

15. Je, kuna mfano wa kinyume chake, samaki wanaofanana lakini DNA zao ziko mbali?

Tropheus wa Ziwa Tanganyika. Ni samaki wa miambani, hawapendi kuvuka mchanga wala kina kirefu, hivyo kila mwamba una wake. Ukiondoa rangi, wanafanana kwa umbo. Christian Sturmbauer na Axel Meyer mwaka 1992 walikuta spishi zake sita zina tofauti za mitokondria mara mbili ya zile za furu wote wa Ziwa Nyasa, na mara sita ya wale wa Victoria. Kupanda na kushuka kwa maji ya ziwa kulikuwa kukiwatenga na kuwakutanisha tena. Umbo na mitokondria havitembei kwa mwendo mmoja.

Eli za umeme za Amerika Kusini ni kisa cha karibu na hicho. Kwa zaidi ya miaka 250 zilihesabiwa spishi moja, hadi mwaka 2019 ushahidi wa DNA, umbo na nguvu ya umeme ulipozigawa tatu.

16. Na trauti wa Ulaya?

Louis Bernatchez na wenzake, mwaka 1992, waliwagawa trauti wa kahawia katika koo tano za mitokondria: Atlantiki, Danube, Mediterania, Adriatiki na marmoratus. Faida yake ya vitendo ilionekana upesi. Mito ya Mediterania ilikuwa imepandikizwa kwa miongo mingi trauti wa mabwawa wenye asili ya Atlantiki, na haplotaipu zao zikawa zinaonekana wazi kati ya wenyeji. Hapo mitokondria hufanya kazi kama alama ya mgeni, mradi unajua kwamba inaonyesha wageni wa kike na vizazi vyao tu.

## Pale inapopotosha

17. Samaki wangu ana sura ya spishi moja na mitokondria ya nyingine. Nani amekosea?

Huenda hakuna aliyekosea. Kwanza rudia kipimo na uangalie upya samaki mwenyewe, kwani kubadilishana mirija hutokea. Ukithibitisha, jua kwamba hii ni hali ya kawaida kwa samaki wa maji baridi. Jike wa spishi X anazaa na dume wa spishi Y, binti chotara anarudi kuzaa na Y, na mjukuu vilevile. Baada ya vizazi kumi jeni za X kwenye kiini zimezimuliwa hadi hazionekani, lakini mitokondria ya X iko palepale, nzima.

Katika Ziwa Alain, Quebec, jamii ya Salvelinus fontinalis, samaki wa ukoo wa trauti, ilikutwa yote ina mitokondria ya jamaa yake Salvelinus alpinus, na alpinus hayumo ziwani humo. Sato wa Ziwa Baringo, Kenya, wamekutwa na mitokondria ya Oreochromis leucostictus. Afrika Magharibi, sato wa maeneo mapana wana mitokondria iliyotoka kwa Oreochromis aureus. Aliyesoma mitokondria tu katika visa hivi vyote angeandika jina lisilo sahihi kwa kujiamini kabisa. Kwa perege na sato, ambao wamehamishwa na kuchanganywa kila pembe ya dunia, usitoe jina la spishi bila alama za kwenye kiini.

18. Basi naweza kutumia mitokondria kutambua machotara?

Peke yake, hapana. Chotara ana mitokondria ya mama yake na ataonekana kama mama. Ukiwa tayari umemthibitisha kuwa chotara kwa njia nyingine, ndipo mitokondria inakuambia mama alikuwa upande gani. Hilo lina thamani: ukikuta mama ni wa spishi ileile kila mara, kuna sababu ya kitabia au ya idadi inayofaa kufuatiliwa.

19. Na samaki wasio na madume?

Poecilia formosa wa Meksiko na Texas wote ni majike. Wanahitaji mbegu ya dume wa spishi jirani ili yai lianze kukua, lakini jeni za dume huyo hazitumiki. Mitokondria yao inafanana na ya Poecilia mexicana, kwa hiyo mama wa kwanza anajulikana. Baba alikuwa Poecilia latipinna, naye alijulikana kwa jeni za kwenye kiini. Kwa samaki wa aina hii kiini nacho hurithiwa kwa mama, na onyo la swali la 13 kuhusu madume halina pa kushika.

20. Je, mitokondria haiguswi na uteuzi asilia?

Inaguswa. Jeni zake zote 13 za protini zinahusika na uzalishaji wa nishati, na samaki ni mnyama ambaye joto la mwili wake hufuata la maji. Kuidhania kuwa haiegemei upande wowote ni kurahisisha hesabu. Kwa mifuatano mingi dhana hiyo hufaa, lakini ukiona haplotaipu zinagawanyika kwa kufuata joto au oksijeni ya maji, usikimbilie kueleza kila kitu kwa historia ya mito.

## Hifadhi na matumizi

21. Haplotaipu zinafanana. Naweza kuchukua vifaranga ziwa moja nikapandikiza jingine?

Usiamue kwa hilo. Kufanana kwa herufi 650 hakusemi lolote kuhusu jeni za kustahimili magonjwa, msimu wa kuzaa au joto. Kutofautiana ndiko kunakotoa uamuzi wa wazi: kama koo za mitokondria zimeachana kabisa, usichanganye. Kipimo cha Craig Moritz cha mwaka 1994 cha kutambua jamii zinazostahili kuhifadhiwa kila moja peke yake, kinachotumiwa sana, kilidai mambo mawili kwa pamoja, koo za mitokondria zilizotengana na tofauti za wazi kwenye alama za kiini. Watu wengi hunukuu la kwanza na kulisahau la pili.

Kwa mabwawa ya kufugia, mitokondria husaidia kwa jambo moja dogo lakini la maana: ukikuta haplotaipu moja tu kwa samaki wazazi wote, yawezekana wametoka kwa majike wachache mno.

22. Naweza kujua samaki waliomo kwa kuchota maji tu?

Ndiyo, na hapa mitokondria inang'ara, kwa sababu nakala zake ni nyingi kwenye kamasi, magamba na kinyesi vinavyobaki majini. Praima za MiFish, zilizochapishwa mwaka 2015, husoma kipande cha 12S (mojawapo ya jeni mbili za RNA ya ribosomu) chenye herufi kama 170 tu, kifupi cha kutosha kubaki kizima majini. Njia kama hii imetumika kufuatilia kapu wavamizi kwenye mifereji ya Chicago.

Mipaka yake ni ya mitokondria yote: furu hawatatenganishwa (swali la 14), chotara ataandikwa kwa jina la mama (swali la 18). Na DNA husafiri na mkondo, hivyo jibu la mtoni linahusu pia wanaoishi juu ya pale ulipochota. Ubora wa orodha unayopata hauzidi ule wa hifadhidata unayolinganisha nayo. Mtoni ambako nusu ya samaki hawajawahi kusomwa, kazi ya kwanza ni kuwakamata na kuwasoma mmoja mmoja.

23. Sasa kwa kuwa tunaweza kusoma jenomu nzima, kuna haja gani tena?

Kwa kupima uhamaji, machotara na uteuzi, haja imepungua sana. Anayeweza kusoma maelfu ya alama za kwenye kiini asome hizo. Lakini mnofu wa makumbusho uliooza nusu, mfupa wa kale na maji ya mto bado hutoa mitokondria kabla ya kutoa kitu kingine. Tena mifuatano ya miaka zaidi ya 30 imo kwenye hifadhidata za GenBank na BOLD, ikiwamo ya jamii za samaki ambazo hazipo tena mahali zilipochukuliwa. Ukiongeza yako, weka pamoja nayo majira ya nukta ya mahali, tarehe na namba ya kielelezo kilichohifadhiwa. Mfuatano ulioandikwa "ziwa" bila jina la ziwa upo tayari humo ndani, tena si mmoja.